Malengelenge yanayowasha mikononi: maswali ya kujiuliza kabla ya kununua tyubu nyingine

Vipele hivi vya maji kwenye vidole ni nini?

Mara nyingi ni aina ya pumu ya ngozi ambayo madaktari huiita pomfoliksi. Hutokea kwenye viganja, ubavuni mwa vidole na wakati mwingine kwenye nyayo. Vipele ni vidogo kama kichwa cha pini, vina maji maangavu, na vimezama ndani ya ngozi. Muwasho au hali ya kuungua huanza kabla hujaona kitu. Baada ya wiki 2 au 3 hukauka, ngozi ikabanduka na pengine kupasuka hadi kufinyanga ugali kunauma. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Utakachoona ni weusi uliozidi au rangi ya kijivujivu.

Tangu daktari Tilbury Fox wa London alipoyaeleza malengelenge haya mwaka 1873, watu wengi waliamini ni jasho lililonasa chini ya ngozi. Uchunguzi wa hadubini ulikuja kuonyesha kwamba vinyweleo vya jasho havijaziba. Hata hivyo jasho na joto huyachochea, ndiyo maana wengi husumbuka zaidi msimu wa joto.

Yanaambukiza?

Hapana. Maji yaliyomo hayana mdudu. Mpe mkono mgeni, kula naye sinia moja.

Sasa yanatoka wapi?

Ngozi ya baadhi yetu huzaliwa nyepesi kukasirika, hasa kwenye familia zenye pumu ya kifua, mafua ya mzio au pumu ya ngozi. Juu ya asili hiyo huja kichochezi, na kwa kawaida ni zaidi ya kimoja. Kinachoongoza ni kazi za maji: kufua kwa mkono, kuosha vyombo, kupiga deki, kumenya vitunguu na nyanya siku nzima kama afanyavyo mama lishe. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo huondoa mafuta ya ngozi, ikabaki bila ulinzi. Fundi ujenzi ana saruji, ambayo ina madini ya kromu. Msusi ana dawa za nywele. Wengine huanzishwa na madini ya nikeli yaliyomo kwenye bangili za bei nafuu, pini za mtandio, funguo na sarafu. Msongo wa mawazo nao ni kichochezi cha kweli, usidharau.

Kuna viwili vinavyosahaulika sana. Cha kwanza ni fangasi za miguuni: mwili unaweza kupambana nazo kule chini, malengelenge yakatokea mikononi ambako fangasi haimo kabisa. Chunguza katikati ya vidole vya miguu. Cha pili ni piko, ile rangi nyeusi ya harusini huku Pwani. Hina halisi haina rangi hiyo; weusi wa piko hutokana na kemikali ya kupaka nywele, na mwenye mzio nayo anaweza kuvimba na kutoka malengelenge makali.

Nitakitambuaje kinachonisumbua mimi?

Watu wengi hukosea wakati. Yakiwaka leo, wanalaumu sabuni ya asubuhi au samaki wa jana usiku. Mzio wa kugusa kwa kawaida huchelewa: hujitokeza siku 1 hadi 3 baada ya kugusa. Kwa hiyo ukiona vipele vipya Jumatano, anza kuuliza kuhusu Jumapili na Jumatatu. Ulifua? Ulivaa pete? Ulichanganya saruji? Ulikesha msibani?

Andika kwenye daftari au kwenye simu kwa angalau wiki 6: tarehe ya vipele vipya, kazi za mikono, vitu vipya ulivyogusa, joto, usingizi na mawazo. Ondoa kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili sabuni, glavu na chakula wiki ileile, hata ukipona hutajua kilichokuponya. Angalia pia mahali: vipele vilivyojikusanya chini ya pete vina maana tofauti na vilivyotapakaa viganja vyote.

Penye daktari wa ngozi, kipo kipimo cha kubandika mgongoni vipande vyenye nikeli, kromu, mpira na vitu vingine kwa saa 48, kisha ngozi husomwa zaidi ya mara moja. Hicho ndicho hujibu kwa uhakika.

Niache maharage na karanga?

Usikimbilie huko. Maharage, dengu, karanga, korosho na kakao vina nikeli, na wachache wenye mzio huo hupata nafuu wakivipunguza. Lakini kwenye nyumba nyingi maharage ndiyo protini ya kila siku. Pima kwanza.

Nipake nini?

Yakiwa mabichi, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kwa dakika 15, mara 2 hadi 4 kwa siku. Kausha taratibu, kisha paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato; rudia kila unaponawa. Usitoboe. Ndimu, dawa ya meno, spiriti na kitunguu saumu huunguza ngozi ambayo tayari ni mgonjwa.

Daktari anaweza kukupa krimu yenye nguvu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, kwa muda mfupi, na hufanya kazi vizuri. Shida ni kuinunua mwenyewe na kupaka miezi kadhaa, au kutumia tyubu zenye dawa tatu ndani yake: steroidi, ya fangasi na ya bakteria. Steroidi huficha fangasi huku ikiilisha, na hukondesha ngozi.

Glavu zinasaidia?

Ndiyo, kama ndani umevaa za pamba na nje za plastiki, kwa takriban dakika 20 kisha unazivua. Mpira mtupu huleta jasho, na wengine wana mzio nao.

Niende hospitali lini?

Nenda upesi ukiona usaha, maumivu, uvimbe unaopanda mkononi, au homa. Malengelenge yenye maumivu pamoja na homa na tezi zilizovimba yanaweza kuwa mpox (homa ya nyani), ambayo imeshafika Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania. Muwasho unaozidi usiku, na wengine nyumbani wakijikuna, huenda ni upele wa kuambukiza (skabi). Upande mmoja tu ukibanduka, omba uchunguzwe fangasi.

Beba kila ulichopaka, hata mkorogo na dawa ya kienyeji, pamoja na pakiti ya sabuni unayofulia. Daktari akisoma vilivyoandikwa pale huenda akapata jibu kabla hajaandika dawa.