Krimu inayong'arisha ndani ya siku tano ndiyo ya kuogopa

Mimi ni mfamasia hapa Tanga. Wateja wanaokuja dirishani kutafuta vipodozi huniuliza kwanza kitachukua siku ngapi. Nawaelewa: harusi ni Jumamosi, chunusi zimeacha madoa, na shoga yake ameng'aa ndani ya siku tano. Mimi lakini naiona haraka hiyo kuwa ishara ya kwanza ya hatari, kuliko bei, kuliko hata nchi bidhaa inakotoka.

Ngozi ya juu huchukua takriban wiki nne kujibadilisha. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu, zikifika juu zimeshakufa na hubanduka. Doa la chunusi limekaa humo ndani, na mara nyingine limezama zaidi. Kipodozi salama hakiwezi kuliondoa kwa siku tano. Kikiliondoa, kuna dawa kali humo, au sumu.

Mara nyingi ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Kwenye lebo hujificha kwa majina kama "calomel" au "mercurous chloride", na kwenye mkorogo unaouzwa katika vikopo visivyo na lebo haiandikwi popote. Kuna onyo ambalo wengi hulipita: maelekezo yakisema krimu isigusane na dhahabu, fedha au alumini, irudishe rafuni. Zebaki hushikamana na metali hizo, ndiyo sababu ya onyo lenyewe. Ikishaingia mwilini huumiza figo. Uso unavimba asubuhi, miguu inajaa, mkojo unatoka na povu jingi. Tena haiishii kwa anayejipaka. Hushika taulo na foronya, hutoa mvuke chumbani, na mtoto anayelala kifuani kwa mama huipata bila kupakwa hata tone. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Makubaliano ni mazuri, ila kikopo kisicho na lebo hakisomi mikataba.

Ya pili ni haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Ukiitumia miaka mingi inaweza kugeuka: mashavu yanatoka mabaka ya bluu iliyoiva, karibu nyeusi, ambayo ni magumu mno kuyaondoa. Ya tatu ni steroidi, hasa klobetasoli. Hii ni dawa halali na nzuri kwa pumu ya ngozi, ikiandikwa na daktari kwa muda mfupi. Usoni kila siku, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na ukiacha ghafla uso unawaka moto, basi unarudia tena ili upoe. Kama umefika hapo, dada yangu, usione haya. Nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kuiacha.

Sasa piko, ile inayoitwa hina nyeusi. Hili linanigusa zaidi kwa sababu wanapakwa hata watoto siku ya Idi. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa, kisha hukolea kuwa hudhurungi kufikia siku ya pili. Haiwezi kuwa nyeusi tii kwa nusu saa. Weusi ule hutokana na rangi ya nywele yenye parafenilinidayamini, ambayo kwenye kopo huandikwa PPD. Wengi hupaka wakasalimika. Kwa asiyesalimika, siku mbili tatu baadaye maua yaleyale huinuka malengelenge mkononi, jani kwa jani, mpaka unaweza kuufuata mchoro kwa kidole. Mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha yote, kwa hiyo miaka kumi baadaye mtu huyo akipaka nywele rangi nyeusi saluni, kichwa na macho vinaweza kuvimba. Bibi harusi apakwe hina nyekundu mapema, alale nayo.

Vitu vya asili navyo vina mambo yake. Ndimu usoni kisha ukatoka juani inaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi zaidi ya yale uliyokuwa unayafukuza.

Kwenye lebo, viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Losheni yenye picha kubwa ya shubiri mbele, huku shubiri imeandikwa mwishoni baada ya "parfum", ina tone tu la shubiri. Neno hilo "parfum" nalo linaweza kubeba makumi ya kemikali za manukato. Mwenye ngozi inayowasha alikwepe. Angalia pia kijikopo kilichochorwa kikiwa wazi na maandishi kama 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Usajili wa vipodozi Tanzania uko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, kwa hiyo una haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa yake imesajiliwa.

Ninachopendekeza mwenyewe hakina gharama kubwa. Sabuni laini isiyokausha, mafuta ya mgando yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, na mafuta ya kujikinga na jua kwa mwenye madoa, kwani jua huyakoleza hata kwa sisi weusi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni lazima. Mjini Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua, kwa ajili yao. Kitu kipya kijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima, na usianze vitu viwili kwa pamoja maana hutajua kipi kimekudhuru.

Na yule ambaye harusi ni Jumamosi? Namwambia asianze chochote kipya wiki hii. Kama amezoea liwa na haimwashi, ajisingie liwa yake, apake mafuta aliyoyazoea, alale vya kutosha. Madoa tutayashughulikia kuanzia Jumatatu.