Bunduki ya kwanza ya kuwindia: kwa nini kila mtu anakwambia lake

Kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, alinijia mwezi uliopita akiwa na daftari. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Akaketi, akalifungua, akaanza kunisomea. Mjomba wake, askari wanyamapori mstaafu, amemwambia anunue .375 asihangaike tena (namba hizi ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi). Rafiki yake anayewinda swala tomi Longido anasisitiza .243 na darubini kubwa. Fundi bunduki amemshauri .30-06. Muuzaji alimpa .300 Magnum aishike, akamwambia hiyo inafika mbali kuliko zote. Na mzee wa mtaani kwao anasema bunduki ni shotigani, mengine ni mbwembwe. Alipomaliza akafunga daftari: "Sasa mzee, hapa nani ananidanganya?"

Hakuna anayemdanganya. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mwindaji huvutia kwenye pori lake. Mjomba alitembea miaka mingi kwenye vichaka vyenye nyati. Yule wa Longido anapiga kwenye mbuga tupu, mnyama yuko mita 200 na hakuna mti wa kujificha. Mzee wa shotigani amewinda kanga na kwale, na kwa kanga yuko sahihi kabisa. Wanapingana kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, hakuna aliyemuuliza kijana swali lake.

Mimi ni mwindaji bingwa, yaani mwindaji wa kazi, si wa mapumziko; kazi hii naijua kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku za mapumziko nafundisha watu kulenga. Nikitakiwa ushauri, nauliza kwanza: utawinda mnyama gani, wapi, na kwa mwaka utaweza kununua risasi ngapi? Hilo la mwisho watu hulipuuza, nami ndilo ninalolitazama kuliko yote.

Nianze na kaliba, maana ndiko ugomvi uliko. Tanzania, wanyama hatari kama nyati, simba na tembo hawaruhusiwi kupigwa na bunduki iliyo chini ya .375. Kwa hiyo anayesema ".375 ndiyo bunduki" hasemi ovyo. Risasi hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1912, kwa Holland & Holland, na imekaa Afrika zaidi ya karne moja kwa sababu inafanya kazi. Kichwa chake cha gramu 19 na ushee hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, na njia yake hewani inakaribiana sana na ile ya .30-06. Utapiga nyati nayo, na swala pala utampiga nayo vilevile. Tena mjomba ana hoja nyingine nzito: kwetu kibali cha bunduki ni safari ndefu. Unaanzia serikali ya mtaa, unapita kamati za ulinzi na usalama, unafika polisi. Ukishapata kibali cha bunduki moja, kupata cha pili si jambo la kutegemea. Basi kwa nini usinunue moja itakayofanya yote?

Kwa sababu ya teke.

Bunduki ya .375 inapiga bega karibu mara mbili ya .30-06. Mtu mzima anavumilia, sikatai. Lakini anayejifunza anatakiwa afyatue risasi nyingi, mamia, mpaka kidole kizoee kubana kifyatulio taratibu bila mwili kujua lini bunduki italia. Teke kubwa linamfundisha kinyume chake. Mwili unaanza kulisubiri. Jicho linafumba nusu sekunde kabla, bega linasukuma mbele, mtutu unazama. Na mwenyewe hajui, maana mlio na mtikisiko vinaficha kila kitu.

Nalijua hili kwa gharama ya mnyama. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa .458, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anaacha kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikaona bunduki ya wakubwa ndiyo itakayonifanya mkubwa. Risasi zake zilikuwa ghali, nilifyatua kumi na mbili tu za mazoezi, nikaingia porini Rungwa. Kongoni alisimama mita sabini, ubavu wazi. Nikafyatua. Akaruka, akaondoka na wenzake. Mzee aliyekuwa anafuatilia nyayo alikwenda pale aliposimama, akachuma jani moja la nyasi, akanionyesha: damu nyeusi kidogo, na juu yake ute wa kijani wenye vipande vya majani yaliyotafunwa. Tumbo. Nilikuwa nimelenga moyo kutoka mita sabini, nikapiga tumbo. Tulimfuata kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, tukamkuta amelala chini ya mninga, bado anapumua. Baada ya kummaliza mzee alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe unaiogopa bunduki yako." Sikumjibu. Alisema kweli, na yule kongoni ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo yule mwalimu sikumjibu kwa maneno. Nilimpeleka uwanja wa shabaha, nikampa .375 yangu, nami nikawa ndiye ninayemwekea risasi asione. Mbili za kwanza nilimwekea za kweli. Ya tatu nilimwekea ya bandia, isiyo na baruti. Alipobana kifyatulio bunduki ililia "tak" tu, lakini mtutu ulizama kama kichwa cha mtu aliyesinzia kwenye basi, na bega lake likaruka mbele. Alinigeukia macho yamemtoka. Nikampa .30-06, tukarudia mchezo uleule. Mtutu ulitikisika kidogo tu. Baada ya risasi kumi na tano hivi, zikichanganywa na za bandia, haukutikisika tena.

Jaribio hilo kila mtu anaweza kulifanya, mbele ya mwenye bunduki halali na uwanjani. Lina thamani kuliko maoni ya watu mia.

Wapo watakaokuletea habari za Walter Bell, yule aliyeitwa Karamojo kwa ajili ya Karamoja ya Uganda, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kaliba ndogo ya .275. Ni kweli. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo akayasoma mpaka akajua ubongo umekaa wapi ukimtazama mnyama kutoka upande wowote, akatumia vichwa vigumu visivyopanuka, na alifyatua risasi nyingi kuliko mimi na wewe tutakavyofyatua maisha yetu yote. Leo sheria haikuruhusu kumwiga. Ninachokichukua kwake ni kimoja: alijua anapiga wapi. Kaliba kubwa haiponyi shabaha mbaya. Tumbo ni tumbo, hata ukilipiga kwa .458.

Msimamo wangu basi ni huu. Kama wanyama wako ni swala pala, ngiri, kongoni, nyumbu, tandala, nunua .30-06 au .308. Ya kwanza ni ya mwaka 1906, ya pili ya 1952, zote zilitokana na jeshi la Marekani au zikapitia huko, na ndiyo maana risasi zake zinapatikana karibu kila nchi kwa bei inayokuruhusu kufanya mazoezi. Kwa .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7, hata pofu, mnyama anayekaribiana na nyati kwa uzito, ataanguka ukimpiga mahali pake kwa risasi iliyotengenezwa vizuri. Ile .300 ya muuzaji ni bunduki nzuri, lakini inaongeza teke na mlio ili ikupe umbali ambao kwenye miombo hutauona. Huko miti yenyewe haikuruhusu kuona mita 150, na wengi wa wanyama niliowahi kuwapiga walikuwa ndani ya mita 100. Ile .243 ya Longido ni tamu kwa swala tomi, na kwa mtu mwenye mwili mdogo ningeifikiria, ila kongoni aliyekaa vibaya itakutesa.

Na kama kweli utawinda nyati, na kibali chako ni kimoja tu? Hapo namkubali mjomba. Chukua .375, lakini iwe nzito, kilo nne na nusu hivi ikiwa na darubini, uifanyie mazoezi ukiwa umesimama, kwa kuwa ukiifyatua umekaa mezani mwili hauna pa kurudi na teke lote linaishia begani. Risasi tano kwa siku, usizidishe. Na kabla ya hapo omba mwenye .22, bunduki ndogo yenye teke hafifu, akufundishe kubana kifyatulio.

Kitu ambacho hakikuwemo kabisa kwenye daftari la mwalimu ni bunduki kumkaa. Watu wananunua kaliba, wanasahau kwamba wanachokishika ni mbao na chuma. Fumba macho, ipandishe begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Kama darubini imekupokea, unaona duara kamili bila kunyoosha shingo, bunduki hiyo ni yako. Kama unaona kivuli cheusi pembeni ukaanza kutafuta, kitako ni kirefu au kifupi mno. Kwa dada wengi na wanaume wafupi kitako cha kiwandani ni kirefu, na fundi anaweza kukikata kwa nusu saa. Darubini nayo ikae mbali na jicho, upana wa vidole vinne au zaidi. Nyusi zilizopasuliwa na darubini nimeziona nyingi, na karibu zote zilikuwa za mtu aliyeazima bunduki isiyo ya kimo chake.

Darubini yenyewe usiifanye kubwa. Ile inayokuza mara 3 hadi 9 inatosha popote Tanzania, na kwenye vichaka ya 1.5 hadi 5 ni bora zaidi. Ukuzaji mkubwa kwenye jua la saa sita unakuonyesha joto linavyocheza, na mnyama akitokea karibu unaona manyoya tu, hujui ni bega au paja. Kuliko kupoteza fedha kwenye darubini ya bei kubwa, chonga magongo matatu, yafunge kwa mpira wa baiskeli, uzoee kupiga ukiegemeza hapo. Asilimia kubwa ya kazi yangu nimeifanya juu ya magongo ya namna hiyo.

Kuhusu komeo, kile chuma unachokisukuma na kukivuta ili kuingiza risasi na kutoa ganda, nina upendeleo, nao siufichi: napenda mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898, wenye ukucha mpana unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Mwezi wa nane na wa tisa, baada ya moto, miombo ni majivu matupu. Yanaingia kila mahali. Ukucha ule unalivuta ganda hata likiwa limekwama kidogo, na huwezi kuingiza risasi mbili kwa pamoja ukihangaika. Bunduki nyingi za zamani za Brno na CZ, za Cheki, zinafuata mtindo huo na zimejaa Afrika Mashariki, kwa hiyo mafundi wanazijua. Kwa swala mtindo mwingine wa komeo hautakuangusha, lakini kwa nyati nisingekubali pungufu ya huo.

Ukinunua ya mkononi, na wengi watanunua ya mkononi, mwombe mwenyewe atoe komeo, elekeza mtutu kwenye mwanga uchungulie kutoka nyuma. Unatakiwa uone mifereji iliyojizungusha ndani ya mtutu, inayong'aa kama ndani ya bilauri iliyooshwa. Ukiona madoa meusi kama chunusi, hiyo ni kutu iliyokwisha kula. Bunduki zilizokaa pwani, Tanga, Kilwa, Lindi, nazichungulia mara mbili, maana chumvi ya hewani hailali. Pitisha kidole ncha ya mtutu: ikiwa imepondeka hata kidogo, risasi itakwenda upande. Na usiichukue mkononi kuondoka nayo, hata kwa ndugu yako, mpaka polisi wakupe kibali. Sheria ya silaha ya 2015 haina msamaha kwa "nilikuwa naijaribu".

Ndugu zangu wa Kenya, kwenu uwindaji ulifungwa 1977, nalijua, lakini wengi mnaniandikia kutoka Marekani mkitaka kuwinda kulungu wa huko. Jibu langu kwenu ni lilelile, na huko .308 haina tatizo lolote la risasi.

Mwalimu ameomba kibali cha .30-06. Maombi yake bado yako kwenye kamati. Wakati anasubiri, kila Jumamosi anakuja uwanjani na tunatumia ile yangu: tumeilenga ipige sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100, ili ishukie kwenye alama ikikaribia mita 200. Juzi alifyatua risasi tano akiwa kwenye magongo, zote zikaingia kwenye eneo la kiganja changu. Nilimwekea moja ya bandia katikati bila kumwambia. Mtutu ulitulia tuli.