Adhabu ya Kifo Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Inasemwa: Marekani, anayeua huuawa.
Kwa msomaji wa Tanzania, ambako kwa miongo mingi Kanuni ya Adhabu imemlazimisha jaji kutoa hukumu ya kunyongwa kwa mauaji ya kukusudia, dhana hii inaeleweka. Marekani ni tofauti. Mwaka 1976, katika kesi ya Woodson dhidi ya North Carolina, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba, kwa kuwa mazingira ya kosa na maisha ya mshtakiwa ni lazima yapimwe kwanza. Zaidi ya hayo, majimbo 23 yameifuta adhabu hiyo, na California, yenye mamia ya waliohukumiwa kifo, haijamuua yeyote tangu 2006.

Inasemwa: Ni nafuu kuliko kumlisha mfungwa maisha yake yote.
Kesi ya aina hii hugharimu zaidi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya mawakili, wataalamu, awamu ya pili ya kuamua adhabu na rufani zinazofuata. Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba California ilikuwa imetumia takriban dola bilioni 4 tangu 1978, na katika muda huo ilikuwa imewaua watu 13.

Inasemwa: Rufani za miaka mingi huhakikisha kwamba asiye na hatia hauawi.
Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, kwa kuwa huwatuliza watu wema. Mahakama za rufani hazisikilizi kesi upya. Kwa kawaida huangalia kama sheria na taratibu zilifuatwa. Mwaka 1993, katika kesi ya Herrera dhidi ya Collins, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba dai la kutokuwa na hatia, likisimama peke yake, linatosha kuzifanya mahakama za shirikisho zitengue hukumu ya jimbo.

Mtazame Anthony Ray Hinton, aliyekamatwa Alabama mwaka 1985 kwa tuhuma za mauaji. Ushahidi mkuu dhidi yake ulikuwa risasi zilizodaiwa kufyatuliwa kwa bastola ya mama yake. Wakili aliyepewa na mahakama aliamini kwamba sheria inamruhusu dola 1,000 tu za kumlipa mtaalamu wa silaha, ilhali ukomo huo ulikuwa umekwisha kuondolewa. Akamleta mhandisi wa ujenzi mwenye jicho moja tu linaloona, aliyekiri kizimbani kwamba alipata shida kuitumia hadubini ya maabara. Hinton akahukumiwa kifo. Mwaka 2002 wataalamu watatu walieleza kwamba risasi zile haziwezi kuoanishwa na bastola ile, na bado alikaa gerezani miaka 13 zaidi, hadi Mahakama ya Juu ilipoingilia kati na wapimaji wa serikali wenyewe kushindwa kuthibitisha ushahidi wao. Alitoka Aprili 2015. Tangu 1973, takriban watu 200 waliokuwa wamehukumiwa kifo wameondolewa hatia.

Inasemwa: Ubaguzi wa rangi ulikwisha baada ya sheria kurekebishwa miaka ya 1970.
Utafiti wa Profesa David Baldus kuhusu Georgia ulionyesha kwamba aliyeshtakiwa kwa kumuua Mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 zaidi wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyeshtakiwa kwa kumuua Mweusi. Warren McCleskey, Mweusi aliyehukumiwa kifo Georgia kwa kumuua polisi Mzungu, alipoupeleka utafiti huo Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne walisema mwaka 1987 kwamba, hata takwimu hizo zikichukuliwa kuwa sahihi, ni lazima athibitishe ubaguzi ndani ya kesi yake mwenyewe, jambo ambalo karibu hakuna mshtakiwa anayeliweza. Aliuawa mwaka 1991. Jaji Lewis Powell, mwandishi wa uamuzi huo, alisema baada ya kustaafu kwamba kama angeweza angeibadili kura yake. Uamuzi wenyewe haujatenguliwa.