Sayansi kimu si darasa la kupika tu

Wengi wakisikia sayansi kimu, yaani somo la maarifa ya nyumbani, huwaza sufuria, sindano na wasichana waliovaa aproni. Kupika si utafundishwa na mama nyumbani, shule ya nini?

Aliyeongoza kuliasisi somo hili Marekani, Ellen Swallow Richards, alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu chuo cha teknolojia cha MIT, mwaka 1873. Alisimamia upimaji wa maelfu ya sampuli za maji ya jimbo la Massachusetts na kuchunguza vyakula vilivyochakachuliwa. Jiko kwake lilikuwa maabara.

Ni kweli mama atakufundisha kupika wali. Lakini wali uliolala nje ya friji unaweza kukutapisha hata ukiupasha moto ukachemka, kwa sababu bakteria wake huacha sumu isiyoharibiwa na joto hilo. Hiyo ni baiolojia. Somo lina pia malezi, bajeti na mikopo: ukikopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, ukikaa mwaka bila kulipa, riba peke yake ni 120,000, tena bila kuhesabu riba juu ya riba. (Wavulana nao hukopa, nijuavyo.)

Mzazi, kikao cha shule kikipendekeza somo lifutwe, uliza hesabu hiyo itafundishwa kipindi gani.