Fungu la maneno si nahau

Nimekutana tena na mwongozo unaowataka wanafunzi wakariri "nahau za kitaaluma", na chini yake yamepangwa "kwa mujibu wa kifungu cha" na "matokeo ya utafiti huu yanaonyesha". Hizo si nahau. Ni mafungu ya maneno, yaani maneno matatu, manne au zaidi yanayofuatana vilevile, tena na tena, katika maandishi ya watu wengi wa taaluma moja.

Nahau ina sharti lake: maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Aliyevaa miwani amelewa, na hilo hulioni katika "kuvaa" wala katika "miwani". Lakini katika "kwa mujibu wa kifungu cha" hakuna kilichofichwa. Tena fungu limekatika njiani: kifungu cha ngapi? Hata kirai kamili si. Labda neno lenyewe linachangia mkanganyiko, kwa kuwa nahau imetokana na Kiarabu nahw, elimu ya kuunda sentensi, na Kiswahili nacho kimewahi kuitumia kwa maana ya sarufi.

Nahau tunaitambua kwa maana. Fungu tunalitambua kwa kuhesabu. Mwaka 1999 mwanaisimu Douglas Biber na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza, waliweka kipimo: fungu lijitokeze angalau mara 10 katika kila maneno milioni moja, na katika matini zisizopungua 5, ili mazoea ya mwandishi mmoja yasihesabiwe kuwa mazoea ya wote. Mwaka 2008 mwanaisimu Ken Hyland alilinganisha maandishi ya uhandisi wa umeme, biolojia, masomo ya biashara na isimu tumizi, akakuta kila taaluma ina mafungu yake.

Kwetu hesabu yenyewe inahitaji uangalifu. "Inavyoonekana" ni neno moja lililobeba kiima, wakati, kirejeshi na kitenzi, kazi ambayo Kiingereza huigawia maneno kadhaa. Anayehesabu mafungu ya maneno manne tu, kama ya Kiingereza, bila kurekebisha idadi hiyo ataacha nje "kama inavyoonekana katika", fungu la maneno matatu lakini halisi kabisa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayewaandalia wanafunzi wa sheria orodha, iite mafungu ya maneno ya sheria, na uyakusanye kutoka kwenye hukumu na makala za sheria zenyewe.