Veluri ya Kasai haina fundo hata moja

Swali linalorudi kila mara ni hili: veluri ya Kasai, kile kitambaa chenye manyoya mafupi cha Wakuba, watu wa Kasai nchini Kongo, ikijaa vumbi jekundu la Lubumbashi, ifuliwe kwa sabuni gani? Isifuliwe kabisa. Nakshi unayoiona juu yake haikufumwa, imechomekwa, na hakuna fundo linaloishika.

Wakuba huanzia kwenye mwale, mti wa jamii ya minazi wenye majani marefu ya nyuzi. Jani changa hukatwa, ngozi yake huchunwa, hukaushwa juani, kisha huchanwa kuwa nyuzi. Nyuzi hizo hazisokotwi wala haziungwi, kwa hiyo urefu wa jani ndio unaoamua ukubwa wa kitambaa. Vipande vingi vina sentimita 50 hadi 60 kwa upande. Wanaofuma ni wanaume, kwenye kitanda cha mfumi kilichoinamishwa. Mshindio, yaani uzi wa upana, hupita juu ya uzi mmoja wa mtande, yaani wa urefu, na chini ya unaofuata, basi. Kikitoka hapo ni kigumu kama mkeka, kwa hiyo hutwangwa kinuni kilainike. Kikitwangwa vibaya kinatoboka, na tundu hufunikwa kwa kiraka. Viraka hivyo baadaye vilikuwa pambo lenyewe kwenye sketi ndefu za ngoma, mita kadhaa za kujizungushia kiunoni. Kwangu mimi hizo ndizo kazi nzuri kuliko zote za Wakuba, ingawa wanunuzi hukimbilia veluri.

Sasa shika veluri uitazame kwa karibu. Mwanamke anayetarizi hupasua uzi wa mwale mpaka uwe mwembamba sana, anautia kwenye sindano, anaupitisha chini ya uzi mmoja tu wa kitambaa, anauvuta mpaka ncha ibaki milimita mbili au tatu, kisha anakata upande wa pili kwa kisu, usawa uleule. Ncha mbili zinasimama kama manyoya. Kinachozizuia zisitoke ni mbano wa ufumaji peke yake. Ndiyo maana kipande kimoja kinaweza kula miezi mingi, na ndiyo maana ukigeuza kazi halisi, nyuma huoni karibu chochote cha nakshi. Michoro haichorwi kwanza. Iko kichwani, na mara nyingi inabadilika njiani. Kipande ambacho kila pembe inalingana kabisa na mwenzake, kichunguze mara mbili.

Maji yakiingia, mwale unavimba, mbano unalegea, manyoya yanang'oka. Rangi nayo inachuruzika, hasa ule wekundu wa unga wa mti uitwao twool.

Vipande hivi vina historia ndefu na mji wetu. Reli ya kutoka Bukama, ambako reli ya Lubumbashi ilikuwa imekwisha kufika, hadi Ilebo ilikamilika mwaka 1928 na inapita Mweka, katikati ya nchi ya Wakuba. Kwao, kitambaa cha mwale kilikuwa mahari, malipo ya faini, na vazi la kumzika mtu kwa heshima. Si zulia. Inaniuma kukikuta mlangoni kikifutiwa viatu.

Kwa usafi, tandaza chandarua juu ya veluri, kisha vuta vumbi kwa mashine ikiwa kwenye nguvu ndogo. Kama huna mashine, tumia brashi laini kufuata mwelekeo wa manyoya. Usikunje: katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mwale unakauka na kukatika palepale penye mkunjo. Viringisha kwenye bomba la karatasi, manyoya yakiwa nje, na ufunge kwa kikwembe cha zamani cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kisichotoa rangi. Usitumie plastiki, maana mvua zikianza Novemba unyevu unafungiwa ndani na ukungu unaota.

Ukitaka kutundika ukutani, kataa gundi. Kishone kwa mkono juu ya kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye fremu, mishono ya sentimita mbili mbili pembeni, sindano ikipita kati ya nyuzi na si ndani yake, kwa sababu uzi wa mwale ukitobolewa hupasuka kwa urefu wote. Kioo kisiguse manyoya, na ukuta usiwe ule unaopigwa na jua la saa tisa.