Saiti za kutangaza gemu mpya: uongo tunaoambiana hapa Kisumu

Tangu maneno ya GTA VI, gemu mpya ya kampuni ya Rockstar, yaanze, hapa Kondele kila kibanda cha PS (PlayStation) kiko na profesa wake. Jamaa ameshika padi na mkono mmoja, simu na mwingine, anawasomea wenzake saiti ya gemu kama gazeti la leo. Nimechoka kubishana kwa mdomo, acha niandike.

"Hiyo video iko kwa saiti yao ndio gemu yenyewe." Zi. Hiyo saiti ni tangazo, na mara nyingi inatoka gemu ikiwa bado jikoni. 2005 Sony walionyesha video ya Killzone pale E3, maonyesho ya gemu ya Los Angeles, watu wakapagawa, kumbe ilichorwa kando tu kuonyesha vile wanatamani gemu ije ikae, na Killzone 2 yenyewe ikaja kutoka 2009. Aliens: Colonial Marines, gemu ya Sega ya 2013, nayo ililalamikiwa hadi kwa mamlaka ya matangazo ya Uingereza, na Sega wakakubali kuweka maandishi, kwa treila na kwa saiti yao, kwamba zile picha zilikuwa za demo, yaani toleo la maonyesho tu. Kwa hivyo soma zile herufi ndogo chini ya video, ndio ukweli hujificha huko. Treila ya pili ya GTA VI, ile ya Mei 2025, Rockstar walisema imerekodiwa kwa PS5, nusu ni kucheza na nusu ni vipande vya hadithi. Angalau hapo umeambiwa.

"Saiti hutengenezwa na wale wale waliotengeneza gemu." Wakati mwingine ndio, lakini mara nyingi hiyo kazi inapewa kampuni ya matangazo. Mfano ninaoupenda ni Halo 2, 2004. Mwisho wa treila, anwani ya saiti ya Xbox ilibadilika kidogo tu ikawa ilovebees.com, ukiingia unapata saiti ya mtu anayeuza asali, tena imeharibika, imejaa maneno ya ajabu, na baadaye kukatokea namba ambazo watu wakakaa chini wakagundua ni mahali na saa, ukienda pale unakuta buthi ya simu ya barabarani inaita, unaipokea unasikia kipande cha hadithi! Hiyo ilifanywa na 42 Entertainment, si Bungie walioitengeneza gemu. Siku hizi hawajisumbui hivyo, ni saa ya kuhesabu siku na kifungo cha kulipa.

"Tarehe imeandikwa kwa saiti, haibadiliki." Cyberpunk 2077 ilikuwa itoke Aprili 2020, ikaenda Septemba, ikaenda Novemba, ikatoka 10 Desemba. GTA VI nayo ilikuwa 2025, ikasogezwa 26 Mei 2026, ikasogezwa tena 19 Novemba 2026. Basi.

"GTA 6 ya simu iko, nimeona saiti yake." Hapa ndio vijana wanaliwa. Rockstar walitangaza PS5 na Xbox Series X na S, simu haijatajwa popote. Kijana mmoja alinionyesha hiyo saiti yake, na kusema ukweli imepambwa vizuri, picha ni zile zile za Rockstar, ukibonyeza pakua kuna mstari unajaa mpaka 100, halafu inakwambia uthibitishe wewe ni binadamu kwa kuweka apu mbili na kujibu maswali. Unaweka, unajibu, inakupatia zingine mbili. Gemu haiko! Mwenye saiti analipwa kwa kila apu uliyoweka, na bundles ni zako. Ikikupea APK, yaani faili ya kuweka apu bila kupitia stoo, ndio mbaya zaidi, hiyo inaweza kuwa inasoma hadi meseji zako za M-Pesa. "Lakini iko na alama ya kufuli," akaniambia. Bro, kufuli inamaanisha tu kile unachotuma hakisomwi njiani, haisemi anayekipokea ni nani, na mwizi pia anaipata bure. Ukitaka saiti ya ukweli anzia stoo iliyo ndani ya konsoli yenyewe, ama saiti ya kampuni, usianzie linki ya grupu la WhatsApp.

"Usipolipia mapema zitaisha." Gemu ya kupakua itaisha aje? Zinazoisha ni yale maboksi ya kifahari yenye sanamu na ramani. Steam, duka la gemu za kompyuta, ukilipia mapema unaweza kurudishiwa pesa wakati wowote kabla gemu itoke, na ikishatoka uko na siku 14 bora hujacheza zaidi ya masaa 2. Cyberpunk ilipotoka na matatizo yake, hasa kwa PS4, Sony waliitoa kwa stoo wiki moja tu baadaye wakarudishia watu pesa, so yule aliyengoja hakupoteza kitu. Na kwa sisi wa huku kuna moja zaidi: PlayStation haina Kenya kwa orodha ya nchi zake, wengi wetu tunatumia akaunti ya Marekani, na zile namba za siri (code) za zawadi za kulipia mapema hufungwa kwa eneo, kwa hivyo ukinunua diski iliyotoka Dubai muulize muuzaji code yake ni ya wapi kabla umtumie pesa.